Mkono wa Wegesa

Ukiingia sebule yoyote ya Musoma yenye cheti ukutani, tazama jina. Achana na hayo mengine, kwamba fulani amehitimu au amepata kipaimara, hayo yamechapwa na mashine. Tazama jina lenyewe, pale juu ya mstari wa vidoti. Kama herufi zimesimama wima, zina tumbo na zina kiuno, na hazikubanana mwishoni kwa kukosa nafasi, basi limeandikwa na Lukresia Wegesa, na limeandikwa kwenye meza yangu. Nasema meza yangu makusudi, kwa sababu miaka yote yeye aliiita yake.

Nina steshenari pale mtaa wa Iringo. Natoa kopi, nachapa barua za watu, nauza madaftari. Mashine zangu zina kasi kuliko binadamu yeyote, lakini wakuu wa shule na makatekista wa mji huu bado wanataka majina yaandikwe kwa mkono. Wanasema jina lililochapwa linafanana na la kufoji. Kwa hiyo kila msimu wa mahafali mafungu ya vyeti vitupu yanaletwa dukani, na Lukresia anavaa miwani, anaifuta meza kwa kitambaa chake mwenyewe, changu hakitaki, kisha anakaa. Akishaanza usimsemeshe. Mimi ni mtu wa maneno. Sisi watu wa Bukima hatunyamazi hata tukila samaki mwenye miiba. Mzanaki huyu alikuwa ananinyamazisha kwa jicho tu, bila hata kuinua kichwa.

Alizaliwa Butiama, kwenye kaya ya wafugaji, akafundishwa mwandiko na sista mmoja wa misheni ambaye rula yake ilijua vidole vya kila mtoto darasani. Akawa karani kwenye ofisi moja ya pamba huko Bunda mpaka ofisi ikafungwa. Alipokuja Musoma alikuwa na mtoto mmoja, Brian, aliyemzaa nyumbani kwao Butiama bila ndoa, na ambaye kwa hiyo hakuwa na ukoo mwingine ila wa mama yake. Alimlea kwa mkono ule wa kulia. Kila shati la shule alilovaa Brian lilikuwa majina ya watu yaliyoandikwa vizuri. Na alikuwa na maringo, tusidanganyane. Mtu akimletea cheti alichojiandikia mwenyewe ili akirekebishe, alikuwa anakishika kwa ncha za vidole kama nepi.

Brian sasa ni mtu mzima, anaishi Bunda, ni fundi simu, na mke wake Naomi alikuwa mjamzito. Baada ya Pasaka mwaka huu Brian alikuja dukani na kiboksi cheusi. Ndani mlikuwa na kalamu ya wino, ile ya kunyonya kutoka kwenye kichupa, aliyoiagiza mtandaoni kutoka huko mbali. Nibu yake, kile chuma cha kuandikia, haikuwa na ncha. Mbele ilikuwa imekatwa bapa, kama patasi ndogo ya seremala.

"Hii, mama, ukiivuta kwenda chini inatoa mstari mnene," Brian alieleza. "Ukiivuta kwa pembeni inatoa mwembamba. Inafanya yenyewe. Hukandamizi, unaiachia tu."

Nilimwona Lukresia anameza mate. Maisha yake yote unene ule wa herufi alikuwa anautengeneza kwa peni ya kawaida, anapita mara ya kwanza, anarudi anapita tena pembeni yake, mpaka herufi inanenepa. Kumbe kulikuwa na kitu duniani kinachofanya kazi hiyo kwa mpito mmoja, na hakuna aliyemwambia.

"Jaribu wewe kwanza, Brian, tuone," nilimwambia.

Akaingiza mikono mfukoni. "Mkono wangu ni wa simu, Mama Brenda. Hauelewanagi na karatasi."

"Na hizo simu zenyewe bado unatengeneza?"

"Siku hizi nauza kava na chaji tu. Macho yanachoka na vile vitu vidogo."

Nilimcheka. Hajafika hata miaka thelathini na mitano, eti macho. Mama yake hakusikia, alikuwa ameshafungua kichupa cha wino.

Watu wengi wakijaribu kalamu wanachora mizunguko, au wanatia saini yao. Lukresia hakuwahi kupoteza wino hivyo. Yeye huandika jina lake lote, kwa mwandiko uleule wa vyeti, kwa sababu anasema kalamu inayochora mizunguko vizuri bado haijasema kitu. Akaifuta nibu, akavuta karatasi nyeupe ya mashine ya kopi, akaandika.

Herufi ya kwanza ilishuka, na nikaona kingo zake. Mstari mnene ulikuwa umeliwaliwa pembeni kama mkate uliopitiwa na panya. Ile mistari myembamba ndiyo ilikuwa mibaya zaidi, ilikuwa inakatika, inaruka, inarudi, kwa sababu nibu bapa inataka ikae yote kwenye karatasi na upande mmoja ulikuwa unanyanyuka. Alimaliza jina zima, Lukresia Wegesa. Akalitazama, akaipapasa karatasi kwa kidole.

"Karatasi zako mbaya, Mama Brenda," akasema.

Brian alikuwa anaangalia jina lile pia. Nilidhani amesikitika kwa sababu zawadi yake imekuwa mbovu. Aliaga haraka akawahi gari la Bunda, na chai niliyomwekea akaiacha imejaa.

Karatasi zangu si mbaya, lakini kesho yake nilimpa karatasi ngumu ya vyeti, ile nzuri. Kingo zikaliwa vilevile. Akasema ni wino, mzito mno. Nikamtafutia wino mwingine kwa mwalimu mmoja mstaafu anayependa vitu vya zamani. Vilevile. Akasema nibu ina uchafu, akaiosha kwa maji ya uvuguvugu, akaikagua kwa kioo cha kukuzia, na ile nibu ilikuwa safi inang'aa. Akabadilisha kiti. Akajaribu asubuhi kabla ya chai, akajaribu baada ya kula. Kikapu changu cha takataka kikajaa Lukresia Wegesa, Lukresia Wegesa, yote yakitetemeka. Sikupenda kukimwaga kikapu kile. Sina imani na mambo ya mikosi, lakini sikupenda.

Siku moja akanisogezea kalamu. "Hebu andika wewe."

"Mimi? Mwandiko wangu unaujua, ni wa kuku aliyekanyaga matope."

"Andika."

Nikaandika Dorkas, jina langu. Lilikuwa baya, limepinda, s imelala chali. Lakini kingo zake zilikuwa safi kila mahali, kama zimekatwa kwa mkasi. Kalamu haikuwa na kosa lolote. Nje mtu alikuwa anapita na beseni anauza furu, vile visamaki vya ziwani, wa kukaanga, anaita, na sisi wawili tumekaa tunaangalia jina langu baya.

Hapo ndipo nilipoelewa mambo mengine niliyokuwa nayaona bila kuyaona. Peni ya kawaida unaikandamiza, na kule kukandamiza kunaushikilia mkono. Nibu hii haitaki kukandamizwa, mkono unabaki peke yake. Na kwa muda mrefu sasa, Lukresia akiandika, alikuwa anaweka vidole viwili vya mkono wa kushoto juu ya kifundo cha mkono wa kulia, kwa upole, kama nesi anayepima mapigo. Mimi nilidhani ni mapozi. Nilishamtania mara kadhaa kwamba anajipima kama bado yupo hai.

"Umeanza lini?" nikamuuliza.

"Kikombe kilianzaga kunimwagikia mwaka juzi," akasema. "Nikajua ni uzee. Uzee gani huu wa mkono mmoja?" Akaifunga kalamu, akairudisha kwenye kiboksi chake taratibu. "Mama Brenda, mimi naujua huu mkono. Huu sio wangu. Ni wa Wegesa."

Wegesa alikuwa bibi yake, mama mzaa baba. Kule Butiama alikuwa na kazi yake ya kushona vibuyu vya maziwa vilivyopasuka. Anatoboa vitundu pembeni ya ufa, anapitisha uzi wa katani, anavuta, na kibuyu kinashika maziwa tena bila kuvuja hata tone. Watu walitoka mbali kumletea vibuyu. Kisha mkono wake ukaanza. Kwanza akawa anakosa kitundu. Baadaye akawa anamwaga uji kabla haujafika mdomoni, na watoto wanacheka. Wakaanza kusema majirani, ooh, kala kiapo cha uongo, ooh, kaiba ndama wa mjane, kila mtu na lake. Hakuna aliyemletea kibuyu tena. Siku moja alijaribu kuipua chungu mwenyewe kwa sababu alichoka kuomba, mikono ikamsaliti, na hakupona ule moto.

"Mimi nilizaliwa baada ya yeye kufa," Lukresia alisema. "Nilikuwa nalia usiku na mchana. Wakaniitia majina ya wazee wetu, moja moja, nalia tu. Walipofika Wegesa nikanyamaza, nikanyonya. Kwa hiyo ndiyo likawa langu. Shangazi Marcelina anasema mama yangu alikataa, akaambiwa mtoto amechagua mwenyewe."

Nilikasirika. Mimi hasira ndiyo namna yangu ya kuogopa. Nikamwambia huo ni ugonjwa, aache ushamba, aende hospitali. Na alikwenda, ninamsifu kwa hilo. Alirudi na vidonge, akasema daktari kamwambia ugonjwa hautamuua, unaweza kupunguzwa kidogo, ila kuisha hauishi.

"Kisha akasema unafuataga ukoo," akaniambia, na akanitazama kama aliyeshinda kesi. "Si ndicho ninachokwambia? Jina ni la ukoo."

"Ukoo maana yake damu, Mama Naomi." Nilikuwa nimeanza kumwita kwa jina la mkwe wake, alipenda. "Daktari hakusema jina."

"Ingekuwa damu, Shangazi Marcelina angeugua. Yule katoka tumboni mwa Wegesa kabisa, na leo hii ni kikongwe na anapitisha uzi kwenye sindano. Na baba yangu je? Mtoto wake wa kiume. Alitetemeka?"

"Baba yako alikufa kijana. Mikono yake haikupata hata nafasi."

Akakusanya miwani yake na kitambaa chake akaondoka, na siku zilizofuata alinisalimia kama mteja. Nikajua nimegusa mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amepaziba. Nikaacha. Sikumtaja Brian, wala yeye hakumtaja.

Mahafali yakafika na vyeti vikaja. Aliandika kwa peni ya kawaida, akikandamiza mpaka herufi zinatokea nyuma ya karatasi, vidole viwili juu ya kifundo. Nilikuwa nakaa kwenye mashine yangu najifanya nahesabu karatasi, kumbe nasikiliza ile peni. Akikosea nilijua, kwa sababu alikuwa anavuta pumzi kama mtu aliyekanyaga msumari. Mwalimu aliyekuja kuchukua alisema, "Safari hii herufi zimekuwa nene, mama, umebadilisha staili?" Akajibu ndiyo, amebadilisha. Kile alichokiogopa hakikuwa ugonjwa peke yake. Aliogopa watu wa Musoma waanze kusema kama walivyosema Butiama. Aliniapisha nisimwambie mtu, hata Brian.

Mtoto wa Brian na Naomi akazaliwa Bunda, wa kike, mzima, mwenye mashavu. Na akawa analia. Si kulia kwa njaa wala tumbo; kliniki walimpima wakasema hana tatizo. Alikuwa analia mpaka anakauka sauti, anapumzika, anaanza tena. Naomi akakonda. Hatimaye Shangazi Marcelina akasema mtoto anadai jina, aitiwe. Kwa vile hakuweza kusafiri, walimpigia simu wakaiweka spika karibu na sikio la mtoto. Nilicheka niliposikia, nikasema siku hizi hata wazee wa zamani wanatumia vocha. Kicheko kikanikatikia Lukresia aliponieleza kilichofuata. Kikongwe alikuwa anaita majina kutoka Butiama, jina baada ya jina, na mtoto analia Bunda. Alipoita Wegesa, akanyamaza. Wakadhani simu imekata. Akaita tena, na mtoto kimya, macho wazi.

"Wanasema Jumamosi tukutane kwa Shangazi, apewe jina. Jumapili anabatizwa," Lukresia alisema. Uso wake ulikuwa umekuwa wa kijivu. "Na Naomi anataka niandike kadi ya ubatizo kwa ile kalamu ya Brian. Kwa mkono wangu. Unaelewa, Mama Brenda? Likiandikwa, limeingia."

"Wakatalie."

"Nikatae niseme nini?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Kumnyima mtoto jina alilolinyamazia ni kumtukana bibi aliyekufa mbele ya watoto wake. Hawatakubali bila sababu. Na sababu ilikuwa ile ambayo yeye alikuwa anaificha hadi kwa mwanawe. Ama aufiche mkono na mjukuu achukue jina, au auonyeshe. Aliniomba nimsindikize, nikafunga duka.

Kwa Shangazi Marcelina walikuwa wamejaa. Wanawake wanasonga ugali, wanaume wako nje na mazungumzo ya ng'ombe, mtoto analia ndani ya shali mikononi mwa Naomi. Brian alikuwepo, amesimama mlangoni, mikono mfukoni. Aliponiona alinisalimia vizuri, lakini hakuja kuketi.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mdogo, mkavu, macho makali. Akamwinamia mtoto akaita, "Wegesa." Mtoto akakata kilio katikati. Nilisikia kuni zinapasuka jikoni, nikaona nywele za mkono wangu zimesimama. Mimi Dorkas, nisiye na imani na mambo hayo.

"Haya," Shangazi akasema. "Amerudi mama yangu. Lukresia, andika."

"Hapana, shangazi," Lukresia akasema. Mikono yake ilikuwa chini ya kitenge. "Jina hilo hapana. Mpeni jingine."

Kelele zilizotokea hapo sitazirudia zote. Binamu mmoja aliuliza kama mjini wanafundishwa kudharau wafu. Naomi akaanza kulia pamoja na mtoto, kwa sababu mtoto naye alikuwa ameanza upya. Shangazi hakupandisha sauti.

"Hili jina ulilibeba wewe mwenyewe miaka yote. Leo limekuwa chafu? Mwanamke, unamnyima mama yangu njia kwa sababu gani?"

Lukresia alinitazama. Nilitaka kumwambia nyamaza, twende nyumbani, tukaendelee kuficha. Nilimpenda, na nilijua alichotaka kufanya, na nilimwonea uchungu mkubwa. Sikusema kitu, kwa mara ya kwanza bila kukatazwa.

Akatoa kiboksi kwenye pochi. Akaomba sinia, akaligeuza magotini, akaweka karatasi juu yake. "Sogeeni wote," akasema. "Na wewe Brian, njoo uone." Akafungua kalamu. Mkono wa kushoto akauweka pembeni, mbali kabisa, juu ya goti jingine. Kisha akaandika jina moja tu, Wegesa, kwa herufi kubwa, polepole, mbele ya ukoo mzima.

Sijawahi kuona kitu kibaya kama kile kikifanywa kwa hiari. Mkono ulikuwa unapiga sinia, tak, tak, tak, na wino ukaruka kwenye kitenge. Mwanamke aliyekuwa anashika mwandiko wa wengine kwa ncha za vidole aliinua karatasi juu, akaizungusha kila mtu aione.

"Mkono wake upo hapa," akasema. "Nilipewa jina nikapewa na hiki. Mnataka mtoto naye?"

Shangazi Marcelina aliichukua karatasi akaisogeza karibu na macho. Hakuwahi kwenda shule, lakini hakuhitaji kusoma. Akanyoosha mikono yake miwili mbele, ya kizee, myeusi, yenye mishipa. Haikutikisika hata kidogo.

"Mimi nimelala tumboni mwake," akasema. "Mikono yangu hii hapa, tazameni. Huyu hakulala tumboni mwake, alichukua jina lake tu, na ona. Basi ni jina. Nilikuwepo mama alipokuwa anamwaga uji. Nilicheka na wenzangu." Akaiingiza karatasi kwenye moto. "Tumeliacha hapa. Mama atasamehe. Mtoto ataitwa Nyangeta, kwa dada yake mama, aliyekula chumvi nyingi na kufa usingizini."

Wakalichukua jina lile kwa vigelegele. Mtoto alilia mpaka akachoka mwenyewe, akalala. Watu wakamzunguka Lukresia, wakamshika mabega, pole mama, pole dada, na hakuna aliyesema kiapo wala ndama. Binamu yule mwenye mdomo alimletea kiti chenye mto. Nilimwona Lukresia akicheka, uso umefunguka, na mkono wake unatetemeka wazi juu ya kitenge bila kujificha. Sikuwa nimemwona hivyo tangu Pasaka. Nilitamani na mimi nifurahi. Lakini nilikuwa nimemkumbuka baba yake aliyekufa kijana, na yale maneno ya daktari, na sikuweza kuila nyama vizuri.

Baada ya chakula Naomi akatoa kadi ya ubatizo. Ilikuwa imeachwa wazi kwenye mstari wa jina. "Sasa nani ataandika? Katekista anaitaka kesho asubuhi."

"Baba wa mtoto," Lukresia akasema kwa furaha. "Kalamu alinunua yeye."

"Mimi mwandiko wangu mbaya," Brian akasema kutoka mlangoni. "Andika wewe Naomi."

"Nimembeba mtoto. Kila kitu unakataaga, Brian," Naomi akasema, nusu utani, nusu uchovu. "Hata pini ya nepi unaniachiaga mimi. Njoo bwana, ni neno moja."

"Njoo, mwanangu," Shangazi akasema. "Tumemaliza ile habari. Njoo uandike kwa amani."

Watu walikuwa wanamtazama wakitabasamu, hakuwa na pa kwenda. Akaja akapiga goti mbele ya sinia. Alipotoa mikono mfukoni nilitaka kutazama pembeni, nikashindwa. Akaichukua kalamu. Akaisogeza ile nibu bapa mpaka karibu na karatasi, akasita. Kisha akainua mkono wake wa kushoto, akaweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wa kulia, kwa upole, kama nesi anayepima mapigo.

Hakuna mtu aliyemfundisha. Mama yake alikuwa hajawahi kufanya vile mbele yake, alikuwa anajificha.

Alianza kuandika Nyangeta. Wengine walikuwa wanaongea, mtu mmoja anauliza chumvi iko wapi. Lukresia hakuitazama kadi. Alivitazama vile vidole viwili, na kile kicheko kikaondoka usoni mwake polepole. Akainuka, akamwendea Naomi, akamchukua mtoto. Akafunua shali, akautoa nje mkono mdogo wa kulia, akaushika kwenye kiganja chake. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Mkono wa bibi ulikuwa unatetemeka, na ule mdogo ndani yake ukawa unatetemeka pamoja nao, na hapo mtu asingeweza kujua ni upi unaoutetemesha mwenzake.